Rafiki Niliyemnyamazia: Somo la Urafiki na Kifo katika Mwezi wa Marehemu



Mwezi wa Novemba Kanisa linatusogeza karibu na makaburi. Tarehe 2 tunawakumbuka Marehemu Waamini Wote, na mwezi mzima majina ya marehemu wetu yanawekwa katika nia za Misa. Kila mwaka ninapoandika karatasi yangu ya nia, jina la tatu, baada ya babu na bibi, ni la kijana aliyefariki akiwa na miaka 22. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Tulisoma pamoja kidato cha tano na cha sita, tukalala bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Katika makala hii nataka kumkumbuka, na pia kujifunza kutokana na kumbukumbu hiyo, kwa msaada wa walimu tunaowasoma katika falsafa. Jina lake sitalitaja. Wazazi wake wapo hai na wana haki ya kukaa na msiba wao kwa utulivu. Tena mwalimu wetu mkubwa katika somo hili, Mtakatifu Augustino, alipoandika juu ya rafiki yake aliyekufa kijana, naye hakutaja jina. Mungu anayajua majina yote mawili.

1. Kijana mwenyewe

Kwao ni Namasakata, huku kwetu mkoani Ruvuma. Mimi nyumbani ni Songea mjini. Walimu walimwita mtundu, na hawakumwonea. Aliruka uzio wa shule usiku kwenda kuangalia mpira. Aliigiza sauti ya mwalimu wa zamu hadi bweni zima likaamka saa tisa usiku tukidhani ni paredi. Misa ya Jumapili alikuja akichelewa, akakaa benchi la mwisho na kuondoka kabla ya matangazo.

Lakini nilipoumwa malaria kali usiku mmoja, na gari la shule halikuwepo, uzio ule ule aliokuwa akiuruka kwa utundu aliuruka kwa ajili yangu. Alirudi na baiskeli aliyoazima kijijini, akanipakia nyuma hadi zahanati, akakaa kwenye sakafu pale hadi dripu ikaisha. Asubuhi alipewa adhabu ya kuchimba shimo la taka kwa kosa la kutoka nje bila ruhusa. Alichimba akiimba.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Tukiwa kidato cha sita nilikuwa na simu, kinyume cha sheria za shule. Nilikuwa mwenyekiti wa TYCS shuleni, na paroko wangu alikuwa tayari amekubali kuniandikia barua ya kuomba nafasi seminarini. Patroni alipofanya msako, simu ilikutwa imefichwa katikati ya vitanda vyetu viwili. Akauliza, "Ya nani hii?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu wa kitanda cha juu akajibu, "Yangu, mwalimu."

Alisimamishwa masomo wiki mbili. Usiku ule, akifunga begi, nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba kesho nitakwenda kusema ukweli. Akacheka. "We acha. Mimi nimeshazoea. Wewe ukifukuzwa hapa, nani ataniombea?"

Kesho yake sikwenda. Keshokutwa sikwenda. Wiki mbili zikapita, akarudi, tukaendelea kula ugali na maharage sahani moja, na jambo lile hatukulizungumza tena. Barua ya paroko ikaandikwa. Ilisema mimi ni kijana mwaminifu.

Baada ya kidato cha sita hakupata nafasi ya chuo, akaanza kuendesha bodaboda. Mimi nikaenda kwenye malezi. Mwanzoni tulikuwa tukiandikiana wakati wa likizo. Baadaye nikaanza kujibu kwa kuchelewa, kisha sikujibu kabisa. Nilijiambia nina masomo mengi. Ukweli ni kwamba niliona urafiki ule haufanani tena na mtu ninayetaka kuwa. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Frateri, umeshakuwa askofu nini, mbona hujibu watu?" Sikuujibu. Baada ya miezi miwili nikapata habari kwamba amefariki katika ajali ya pikipiki usiku, akirudi nyumbani peke yake.

2. Rafiki wa Thagaste

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo upo nchini Algeria. Katika kitabu cha nne cha Maungamo anaeleza jinsi alivyorudi mjini kwao kufundisha, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kupata rafiki wa rika lake. Walikua pamoja, walisoma pamoja na kucheza pamoja. Wakati huo Augustino alikuwa mfuasi wa Wamanikeo, na anakiri kwamba yeye ndiye aliyemvuta rafiki huyo aiache imani ya Kanisa.

Rafiki akashikwa na homa kali, akapoteza fahamu. Jamaa zake walipokata tamaa, akabatizwa bila yeye kujua. Kisha akapata nafuu kidogo. Augustino akakaa karibu naye na kuanza kuutania ubatizo ule, akidhani watacheka wote kama zamani. Lakini mgonjwa alimtazama kama anavyotazamwa adui, akamwonya kwamba akitaka kubaki rafiki yake aache maneno hayo. Augustino alishangaa, akaona asubiri apone ndipo waendelee na mjadala. Hawakuendelea. Siku chache baadaye, Augustino akiwa hayupo, homa ilirudi na rafiki akafa.

Ninawaomba wasomaji watazame mambo mawili hapa. Kwanza, yule aliyejiona ndiye mwenye akili na mwalimu wa mwenzake, ndiye aliyekosolewa, na yule aliyevutwa akageuka kuwa shahidi wa kweli. Pili, Augustino alikuwa na neno alilotaka kulisema baadaye, na hiyo baadaye haikuja. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza maktabani, katika mwaka wa kwanza wa falsafa, nilifunga kitabu. Niliona kama nimesomewa habari zangu.

Augustino anaeleza pia huzuni iliyofuata. Mji wa nyumbani ukawa mateso. Kila alichokitazama alikiona ni kifo, na yeye mwenyewe akawa swali kubwa mbele ya macho yake. Mwisho aliuhama mji, akaenda Karthago. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, alipoandika Maungamo, alikuwa askofu wa Hippo na aliweza kupima ugonjwa wake: alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa kamwe. Hasemi kwamba alikosea kupenda. Anasema alimpenda rafiki bila kumweka mikononi mwa Mungu, kwa hiyo rafiki alipoondoka hakuwa na mahali pa kumtafuta. Mwenye heri, anafundisha, ni yule ampendaye Mungu, na rafiki katika Mungu, na adui kwa ajili ya Mungu. Mtu wa namna hiyo hampotezi mpendwa yeyote, kwa maana wote anawapenda ndani ya Yeye asiyepotea.

3. Urafiki ni wa aina gani?

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anagawa urafiki katika aina tatu. Upo urafiki wa faida, kama wa watu wa biashara. Faida ikiisha, nao unakwisha. Upo urafiki wa raha, ambao anasema unaonekana sana kwa vijana. Wanapendana kwa kuwa wanafurahishana. Na upo urafiki wa fadhila, ambapo mtu anamtakia mema mwenzake kwa ajili ya mwenzake huyo. Huu wa tatu ni adimu na unahitaji muda. Aristotle anakumbusha msemo wa watu wa kale kwamba hawafahamiani kabla ya kula chumvi pamoja. Sisi tuliopitia bweni tunaelewa maana yake.

Kwa muda mrefu niliuweka urafiki wetu katika kundi la pili. Yeye alikuwa kichekesho changu, mimi nilikuwa mwenye busara wake. Lakini tukipima kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe, matokeo yanageuka. Nani alimtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake? Aliyebeba adhabu. Nani alipata faida? Aliyenyamaza. Waswahili walishasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi ndiye niliyekuwa katika urafiki wa faida, huku nikiwa nimevaa beji ya TYCS.

Hapa inabidi tuwe waangalifu, maana mwanafunzi wa maadili anaweza kuuliza: je, uongo wake ulikuwa mwema? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1753, inafundisha kwamba nia njema haigeuzi tendo baya kwa asili yake, kama vile uongo, kuwa jema. Siusifu uongo ule. Lakini tendo la binadamu lina sehemu zake, na tukilichambua kwa haki tutaona kwamba ndani yake yalikuwemo mapendo ya kweli yaliyokosa njia iliyonyooka. Njia hiyo nilikuwa nayo mimi. Neno moja langu, "Ni yangu," lingeufuta uongo wake na kuyaacha mapendo yake yabaki peke yake. Kunyamaza kwangu ndiko kulikouweka uongo ule mahali pake kwa wiki mbili, na baadaye kwa miaka.

Bwana wetu katika Injili ya Yohane, sura ya 15, anauweka upendo mkubwa kuliko wote katika kuutoa uhai kwa ajili ya marafiki, kisha anawaita wanafunzi wake rafiki, si watumwa tena. Mtakatifu Thoma wa Akwino alijenga juu ya maneno hayo alipofundisha kwamba mapendo ya Kimungu ni urafiki kati ya mtu na Mungu. Basi anayejifunza kujitoa kwa rafiki, hata kwa namna isiyokamilika, tayari anajifunza alfabeti ya lugha hiyo.

4. Kuwahukumu waliokufa vijana

Nilifika Namasakata baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa matanga. Majirani Wakristo na Waislamu walikuwa wamechimba kaburi pamoja, kama ilivyo desturi ya huku. Jioni, chini ya mkorosho, mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Amejitakia mwenyewe. Kijana hakuwa na adabu." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akanigeukia, kwa kuwa mimi ni frateri, akisubiri niongeze neno.

Nilinyamaza. Ilikuwa mara ya pili.

Maneno kama yale tunayasikia mara nyingi kwenye misiba ya vijana: aliyekufa kwa bodaboda, aliyekufa kwa pombe, binti aliyekufa akitoa mimba. Watu wanataka kifo kiwe na sababu, ili wajione wako salama kwa kuwa wao hawana kosa lile. Lakini Katekisimu, namba 1861, inatupa kanuni iliyo wazi: tunaweza kupima kwamba tendo fulani ni kosa zito, ila hukumu ya mtu mwenyewe tunaiachia haki na huruma ya Mungu. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda wa kutengeneza historia yake. Alikuwa na sentensi moja tu, nayo ikatosha.

Tena tusichanganye uchangamfu na uovu. Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, alikuwa kijana wa mizaha. Alipanda milima, na yeye na marafiki zake waliunda kikundi walichokipa jina la kichekesho, kana kwamba wao ni wahuni. Wakati huohuo aliwahudumia maskini kimyakimya, kiasi kwamba hata familia yake haikujua ukubwa wa kazi hiyo. Alifariki tarehe 4 Julai 1925 kwa ugonjwa wa kupooza, akiwa na miaka 24. Siku ya maziko yake mitaa ilijaa maskini, na ndipo wazazi wake walipoelewa kijana wao alikuwa nani. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Simfananishi rafiki yangu na mtakatifu huyu. Hilo si langu. Ninachosema ni kwamba wanaotazama kwa nje huwa hawaoni yote, hata wakiwa ni wazazi.

5. Tufanye nini na huzuni?

Baadhi yetu tumelelewa tukiambiwa mwanamume halii, na wengine wanadhani mtu wa imani hapaswi kulia. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro. Na Mtakatifu Thoma, ambaye wengi wanamfikiria kuwa mtu wa hoja kavu, ana sehemu katika Summa Theologiae inayohusu dawa za huzuni. Anataja tano: furaha yoyote iliyo halali; machozi; huruma ya marafiki; kuutafakari ukweli; na tano, usingizi na kuoga.

Wanafunzi hucheka wanapofika kwenye hiyo ya tano. Lakini ndani yake kuna hekima kubwa: mtu ni mwili na roho, na mfiwa asiyelala wala kuoga hawezi kusali vizuri. Bibi zetu wanalijua hili. Ndiyo maana kwenye msiba wanamchemshia mfiwa maji na kumlazimisha anywe uji. Jumuiya ndogo ndogo zinapokwenda kwa mfiwa zisiende na rozari tu. Ziende na kuni, ndoo ya maji, na mtu wa kuwashika watoto ili mama alale saa mbili.

Kwangu mimi dawa iliyochelewa ilikuwa ya nne. Nililia, nilipata marafiki wa kunifariji seminarini, lakini ukweli sikuwa nimeutazama. Huzuni iliyochanganyika na hatia haitibiwi kwa faraja tu. Inahitaji toba.

6. Sasa, zamani na altare

Mwanafalsafa na mchungaji wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya lugha yetu, sasa na zamani, kueleza jinsi Waafrika wanavyouona wakati. Kadiri ya Mbiti, marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomfahamu bado yumo katika sasa. Anamwita mfu aliye hai. Anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huyo anazama katika zamani.

Fundisho hili linatusaidia kuelewa kwa nini kusahaulika kunatuogopesha. Lakini imani yetu inakwenda mbele zaidi. Kama uhai wa marehemu ungetegemea kumbukumbu zetu, kijana aliyekufa bila mke wala mtoto angekuwa wa kwanza kupotea. Sisi tunaamini kwamba marehemu anashikiliwa na kumbukumbu ya Mungu, ambayo haichoki wala haifi. Kumbukumbu yetu inafanya kazi nyingine: inageuka kuwa sala. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinasifu tendo la kutolea sadaka kwa ajili ya wafu, na Katekisimu, namba 1032, inatuhimiza kuwasaidia marehemu kwa sala, matendo ya huruma, na hasa Sadaka ya Ekaristi. Monika, mama yake Augustino, alipokaribia kufa huko Ostia mwaka 387, hakujali tena azikwe wapi. Aliomba jambo moja tu: akumbukwe altareni.

Tazameni jinsi Augustino alivyobadilika. Rafiki alipokufa, aliukimbia mji. Mama alipokufa, alisali, na akawaomba wasomaji wake nao wamkumbuke altareni. Machozi yalikuwepo mara zote mbili, ila mara ya pili yalikuwa na pa kwenda.

7. Nilichokifanya

Likizo iliyofuata, baada ya kuungama, nilipanda basi alfajiri kutoka Songea. Nilimkuta mama yake nyuma ya nyumba akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Frateri. Karibu mkekani."

Nilimweleza habari ya simu, yote, bila kujitetea. Ungo ukasimama mikononi mwake. "Baba yake alimpiga siku ile," akasema. "Alimpiga sana. Na yeye hakusema kitu." Kisha akaendelea kupepeta kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Haya. Baba yake yupo shambani. Nenda ukamwambie na yeye."

Nilitamani aniambie yameisha. Hakuniambia. Nilikwenda shambani, mzee akanisikiliza akiwa ameshika panga, akasafisha chini ya mikorosho bila kunijibu. Kesho yake asubuhi, nikisubiri basi, alikuja akanipa noti ya shilingi elfu kumi iliyokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. "Hii ni ya Misa ya mwenzako," akasema. "Na wewe uwe unakuja."

Mwezi huu wa Novemba nawaalika tufanye mambo matatu. Tuandike majina ya marehemu wetu, hasa wale ambao watu waliwasema vibaya, tuwaombee Misa. Tuwajibu marafiki wanaotuandikia leo, kabla ya kesho. Na kama tuna neno tulilolinyamazia, twende tukaliseme kwa aliye hai bado kulisikia. Rafiki yangu aliuliza nani atamwombea. Nimechelewa kumjibu, lakini ninamjibu kila siku baada ya masifu ya jioni, kwa sala ya Raha ya Milele.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika jumuiya:

1. Katika marafiki zangu, ni nani ninayempenda kwa faida, nani kwa raha, na nani kwa ajili yake mwenyewe?

2. Ni mara ngapi nimenyamaza msibani marehemu alipohukumiwa? Ningeweza kusema nini kwa upole?

3. Jumuiya yetu inampelekea mfiwa nini baada ya siku ya maziko kupita?

4. Soma Yoshua bin Sira 6:5-17. Je, mimi ni rafiki wa namna gani katika maneno hayo?